Maneno Yanayotuangusha Si Yale Marefu

Kusini kwetu, kuanzia Mtwara mjini hadi vijiji vya Madimba na Msimbati, karibu na pale Ruvuma unapoingia baharini, ujuzi wa Kiingereza umezoeleka kupimwa kwa urefu wa maneno. Kijana akisimama kwenye mdahalo wa shule akatamka neno ambalo hata mwalimu hakulitarajia, ukumbi mzima humpigia makofi kabla ya kujua neno lenyewe limesema nini. Kizazi changu kililelewa hivyo. Tulikuwa na madaftari ya msamiati yaliyovikwa majalada ya magazeti, neno la Kiingereza kushoto, maana yake kulia, na ndoto ya kumwaga ung'eng'e siku moja mbele za watu. Siandiki kumbukumbu hizi ili kuyabeza madaftari yale, maana yalionyesha hamu ya kujua, na hamu ni mali. Ninaandika kwa sababu nimekuja kuamini kwamba yalitupeleka kutafuta utajiri mahali usipokuwepo. Maneno yanayomwangusha Mtanzania anayesoma Kiingereza ni yale ya katikati, yasiyo ya sokoni wala ya kujionyesha, yanayobeba sababu, sharti na kipimo. Hayo hayakai kichwani kwa kukariri orodha. Hukaa kwa kusoma sana, hasa kusoma kunakogusa kazi na maisha ya anayesoma.

Hesabu ya maneno imefanywa na watu walioitolea kazi hiyo umri wao. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyewahi kufundisha Bengal, alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 ambayo ndiyo uti wa mgongo wa Kiingereza cha kila siku. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichambua maandishi ya vyuoni yenye jumla ya maneno kama milioni tatu na nusu, akayaweka kando yale ya West, kisha akatafuta yanayojirudia katika fani zote, kwenye sheria kama kwenye biolojia, kwenye biashara kama kwenye historia. Alibaki na koo 570 tu za maneno. Ukoo mmoja ni neno pamoja na wanawe, kama "assess", "assessment" na "reassess". Ukifungua kitabu cha chuo, maneno ya West hubeba zaidi ya robo tatu ya ukurasa, na koo zile 570 hubeba karibu sehemu moja ya kumi. Humo ndimo wanamokaa "derive", "sufficient", "despite" na "whereas". Hakuna aliyewahi kupigiwa makofi kwa kusema "whereas". Na "magnanimous" na "ubiquitous", yaliyojaa madaftarini mwetu, humo hayamo. Paul Nation, mtafiti mwingine wa huko huko New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kukwamakwama anahitaji koo kati ya 8,000 na 9,000. Kwa hiyo maneno adimu nayo yana siku yake. Ila ipo ngazi nzima kati ya "come here" na "magnanimous", nasi tumezoea kuiruka.

Ushahidi uko kwenye karatasi za mitihani. Mwanafunzi wa kidato cha pili kule Nanyamba anaijua "photosynthesis" barabara. Mwalimu aliiandika ubaoni, akaieleza kwa Kiswahili, darasa likaitamka mpaka ikakaa. Neno hilo refu halimtishi hata kidogo. Kinachomtoa jasho ni vijineno vinavyotangulia swali: "account for", "justify", "with reference to", "to what extent". Yeye "account" anaijua ya benki, na "extent" hajawahi kukutana nayo popote. Basi ataandika kila anachokikumbuka kuhusu majani na jua, ukurasa mzima kwa mwandiko safi, na alama hatapata, kwa kuwa hakuulizwa hayo. Msahihishaji ataona mtoto asiyejua somo. Somo analijua, swali ndilo lililompita. Ukimwongezea mtoto huyu maneno hamsini ya fahari hujamsaidia kitu, na pengine umemzidishia mzigo, kwa kuwa sasa atayatafutia mahali pa kuyachomeka kwenye insha yake, na insha itazidi kupotea njia.

Haya si mageni, tumeambiwa zamani. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hadi sekondari na kuendelea, lakini serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha shule zetu, wakaripoti kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari hawakuwa wakiambulia kitu, au waliambulia kidogo mno, katika masomo waliyofundishwa kwa lugha hiyo. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, watahiniwa kama sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Sababu zilikuwa nyingi, za walimu wachache na maabara za jina tu, na sitaki kuitwika lugha mzigo wote. Lakini aliyefundisha sekondari ya kata Newala au Tandahimba hawezi kuniambia lugha haikuwemo.

Baada ya ripoti ya Criper na Dodd, Uingereza ilifadhili mradi wa kuinua Kiingereza cha sekondari, na sehemu kubwa ya mradi huo ilikuwa vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, vimepangwa kwa ngazi, ili anayemaliza chepesi apande kwenye kizito. Wengi tulivichukulia vitabu vile kuwa starehe ya jioni, na daftari la msamiati kuwa ndiyo kazi. Mambo yalikuwa kinyume. Utafiti ulioniondolea shaka ulifanyika mbali, huko Fiji, lakini katika mazingira ambayo mtu wa pwani yetu atayatambua: shule za msingi za vijijini, visiwani, watoto ambao Kiingereza hawakisikii nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu kama 250 vya hadithi, vyenye picha, katika madarasa waliyoyachagua. Watoto wa madarasa hayo walipiga hatua katika kusoma kwa kasi inayokaribia mara mbili ya wenzao waliobaki na mazoezi ya kawaida ya kurudiarudia sentensi, na baada ya mwaka wa pili tofauti ilionekana hata kwenye kuandika. Hakuna aliyewakaririsha. Neno walilikuta kwenye hadithi ya samaki, wakalikuta tena kwenye hadithi ya mzimu, safari hii likiwa limeandamana na maneno mengine, na kadiri walivyozidi kulikuta ndivyo walivyojua linakaa na nani na halikai na nani. Ujuzi wa aina hiyo kamusi haiutoi. Kamusi inakupa maana. Mazoea ya neno huyapati mpaka usome.

Ukitaka mfano wa nyumbani, upo. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa nchi, alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda na Pugu, kisha Makerere, alikohitimu mwaka 1962 akiwa na shahada ya Kiingereza. Kilichomjenga baada ya hapo ni meza ya uhariri, kwanza The Nationalist, baadaye Daily News. Mhariri hana nafasi ya kupenda neno kwa sababu ya sauti yake. Kila jioni anapima kama msomaji wa Songea ataielewa sentensi ile ile sawa na balozi wa Oysterbay, na neno lisilofanya kazi hulikata. Mwalimu Nyerere naye, aliyetafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alipokuwa akihutubia kwa Kiingereza alitumia maneno ambayo mtoto wa darasa la saba angeyafuata mengi yake. Hawa wawili walikuwa na maneno mengi kuliko sisi sote tuliokariri, na waliyatumia kwa uchache. Sidhani ilitokea hivyo kwa bahati. Mtu aliyeyasoma maneno mahali pake halisi hujua ni lini hayahitajiki.

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya wakubwa waliokwisha kufika, na kwamba kijana wa Mtwara anayetafuta kazi lazima atoe maneno mazito, la sivyo usaili utampita. Hoja hii ina ukweli, na miaka ya gesi iliupa nguvu. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa tangu 1982, lakini ni baada ya 2010, visima vya bahari kuu vilipoanza kutangazwa kimoja baada ya kingine, ndipo mji ulipojaa wageni, hoteli na matangazo ya kazi ya Kiingereza. Ni kweli pia kwamba wapo wasaili wanaobabaishwa na neno kubwa. Ila tazama kazi zenyewe zilitaka nini. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ilipoendesha Mtwara na Lindi mafunzo yaliyofadhiliwa na kampuni za gesi, Kiingereza kilichoingizwa ndani ya ufundi kilikuwa cha karakana na usalama: kuelewa maelekezo, kuripoti hitilafu, kusoma onyo lililobandikwa kwenye mtambo. Fundi wa kuchomelea anayejua "isolate", "valve", "leak" na "prior to" yuko salama, na wenzake wako salama. Anayejua "magnanimous" peke yake ni hatari kwa karakana nzima.

Na wenye lugha yao wenyewe waliugua ugonjwa huu wa maneno makubwa kabla yetu. Sisi wa Mtwara ni mashahidi, maana bandari yetu ilijengwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa waraka uliojaa takwimu na ahadi, mamilioni ya ekari, mafuta ya kula tele kwa Waingereza. Mvua na udongo havikuusoma waraka ule. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa miaka michache baada ya Uhuru kuja. Kinachonichekesha ni kwamba mwaka 1948, wakati matrekta yanakwama kwenye visiki, Wizara ya Fedha huko huko London ilikuwa imemwomba Sir Ernest Gowers aandike kitabu kidogo cha kuwafundisha watumishi wa serikali kuandika kwa maneno ya kawaida, Plain Words, nacho kiligombaniwa madukani. Wenye Kiingereza walikuwa wanajisafisha wakati ule ule ambao shule zao katika makoloni zilikuwa zinatufundisha kustahi marefu. Mwanafunzi wa leo anayerundika maneno ili aonekane Mwingereza anamwiga Mwingereza ambaye Gowers alikuwa anamkanya.

Sasa niingie ghalani, maana huko ndiko msamiati unakogeuka kuwa fedha. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika mkoa wetu mwaka 2007, korosho ya mkulima hupita kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ikaenda ghala kuu, ikapangwa madaraja, ikanadiwa. Huko ghalani huchukuliwa sampuli: korosho zinahesabiwa kwa kilo, unyevu unapimwa, kisha zinakatwa moja moja, kiini kizuri kinawekwa kando, chenye madoa kando, kilichosinyaa kando, na mwisho hupigwa hesabu ya ratili ngapi za kiini zitatoka kwenye gunia la kilo 80. Karatasi ya matokeo hayo, inayokwenda kwa mnunuzi wa India au Vietnam, ni ya Kiingereza. "Moisture content", "nut count", "outturn", "immature", "spotted", "void". Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtu angelitia kwenye mdahalo ili apigiwe makofi, lakini katibu wa AMCOS asiyelielewa "void" hawezi kubisha akiambiwa mzigo wake una makapi mengi kuliko alivyotarajia. Na kwa kuwa tuko ghalani, acha niseme kwamba msamiati nao ungefaa kupimwa hivyo hivyo: mnunuzi hashangai gunia lililotuna, anakata na kupima kiini.

Kabla ya ghala kuna shamba. Mkulima anayepambana na ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho yake hupuliza salfa au dawa ya maji, na kwenye kifungashio kuna maneno ambayo maisha ya mapafu yake yanayategemea: "dilute", "avoid inhalation", "residue", "do not exceed". Hata pale maelezo ya Kiswahili yanapokuwepo, kipimo cha kitaalamu mara nyingi husomeka vizuri zaidi upande wa Kiingereza. Ninapowasikia watu wakisema msamiati wa juu wa Kiingereza ni wa wasomi wa mjini, huwa nakumbuka kifungashio hicho. "Exceed" ni neno la juu. Limo katika maisha ya mtu wa Kitangari anayevuna magunia yake machache, na hajalipata shuleni kwa sababu shule ilikuwa imeshughulika na maneno ya fahari.

Mahali ambapo ngazi hii ya katikati inatugharimu zaidi ni kwenye mikataba na mipango. Chukua maneno mawili tu, "subject to". Mtoto wa kidato cha kwanza anazijua sehemu zote mbili. "Subject" ni somo, "to" ni kwa. Yakikaa pamoja kwenye mkataba hugeuka kuwa mlango: kila kilichoahidiwa mbele yake kinategemea sharti lililoko mahali pengine, pengine kurasa thelathini nyuma. Ndugu yake ni "notwithstanding", linalofuta kimyakimya kilichoandikwa juu. Wengine ni "provided that", "deemed", "waive" na "reasonable", hilo la mwisho likiwa neno jepesi lililolipa ada za mawakili wengi. Mwaka 2000 ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, bahari iligawanywa katika kanda za matumizi mbalimbali, na mvuvi wa Msimbati akajikuta eneo alilorithi limepewa jina na masharti. Mtu wa kumsomea masharti hayo, akayatetea au kuyapinga kifungu kwa kifungu, alihitajika kijijini, si Dar es Salaam.

Hapa kuna pingamizi nzito, nami naiheshimu. Mwishoni mwa 2012 na mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipoandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, mpaka watu wakapoteza maisha na mali, tatizo halikuwa msamiati. Mikataba ilikuwa kabatini. Ungekuwa na maneno yote ya kamusi, usingekuwa na cha kusoma. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilifikia hatua ya kuagiza wakuu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC) wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26. Kweli kabisa: msamiati hauvunji kufuli. Lakini angalia kilichotokea kufuli lilipolegea. Katikati ya 2014 ilivuja nyongeza ya mkataba wa Kitalu namba 2, kilichoko bahari kuu upande wetu wa kusini, na mjadala mkali ukazuka kuhusu mgawo wa serikali. Walioweza kuuingia mjadala huo kwa hoja, wakapiga hesabu na kuuliza maswali ambayo wakubwa walilazimika kuyajibu, walikuwa wachache, na karibu wote hawakuwa wakaazi wa Mtwara. Sisi tulibaki kuuliza habari kwa waliosoma. Karatasi ilikuwa ya wazi kwa kila mwenye simu, na bado ilikuwa imefungwa. Mwaka huo mfano wa mkataba wa kugawana uzalishaji uliotolewa na serikali mwaka 2013 ulikuwa hadharani tayari. Ungekuwa kitabu cha kiada kizuri kuliko vingi tulivyonavyo.

Wapo watakaosema jibu ni moja: kila kitu kiandikwe Kiswahili, na Kiingereza kiende zake. Kwa hati za nchi, nakubaliana nao bila kusita. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu utolewe kwa Kiswahili na Kiingereza. Haki ya mwananchi haitakiwi kungoja ajue lugha ya mgeni. Hata lugha ya kufundishia, mimi ningependa mapendekezo ya Makweta yarudishwe mezani. Lakini mnunuzi wa korosho hatajifunza Kiswahili kwa ajili yetu, wala kampuni ya mafuta ya Ulaya haitaandika mkataba wake wa ndani na mkandarasi kwa lugha yetu. Vuka Ruvuma pale Kilambo uone: Wamakonde wa ng'ambo, jamaa wa damu wa walioko huku, karatasi zao ni za Kireno, na tangu gesi ya Cabo Delgado ianze kuzungumzwa wanalazimika kutafuta Kiingereza juu ya Kireno. Mtu mdogo mbele ya mtaji mkubwa hana anasa ya kuchagua lugha moja. Isitoshe, wanaodhani Kiswahili na Kiingereza vinagombea kichwa kimoja wamekosea. Aliyeelewa kwa Kiswahili tofauti ya sababu na kisingizio, ya sharti na ahadi, hatapata taabu na "provided that". Asiyeielewa kwa lugha yoyote ndiye anayeikariri.

Watetezi wa daftari nao wasikilizwe. Paul Nation huyo huyo niliyemtaja anatetea vikadi vya maneno, na utafiti unaonyesha kwamba kujifunza neno kwa makusudi, kwa kulirudia baada ya siku chache na tena baada ya wiki, huliweka kichwani haraka kuliko kungoja ulikute kwa bahati. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni wa asili ya neno. Neno lililotoka kwenye ukurasa uliokusumbua, ukaliandika pamoja na sentensi yake, ukalirudia, lina mizizi tayari. Neno lililotoka kwenye orodha ya mtu mwingine, iliyopangwa kwa herufi, halina pa kushika. Utaliimba wiki mbili na wiki ya tatu limeondoka. Vivyo hivyo mizizi ya Kilatini na Kigiriki inayopendwa na vitabu vya mitihani: ni msaada mzuri kwa anayesoma, na mchezo wa bahati nasibu kwa asiyesoma. Na vibao vya kuwavalisha watoto waliosema Kiswahili shuleni sitavijadili kwa kirefu. Vinafundisha kunyamaza.

Mtu anayetaka kuanza leo, basi, aanze na kazi yake. Muuguzi asome maelezo yanayokuja na dawa, mwalimu wa jiografia asome taarifa za hali ya hewa, karani wa ushirika asome mikataba ya mauzo, mwanafunzi asome riwaya nyepesi mpaka aone aibu ya kuiweka chini. Asome vitu ambavyo maneno mengi anayajua, machache hayajui. Ukurasa wenye maneno kumi mageni kila aya ni adhabu, na ataukimbia. Aandike alichokisoma kwa maneno yake mwenyewe, afupishe, amsomee mwenzake anayeweza kumbishia. Ni kazi ya polepole na haina makofi, na ndiyo maana wauza orodha za maneno hawaitangazi.

Linalobaki haliwezi kufanywa na mtu mmoja mmoja, nalo ni vitabu. Sekondari nyingi za kata katika mkoa huu zina vitabu vya kiada vya kugawana, na hadithi hazina kabisa. Fedha ya kununua ipo. Halmashauri za Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyumbu hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, na ushuru huo hujenga madarasa na vyoo, kazi nzuri. Minada hufunguliwa Oktoba, na bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi michache baadaye. Wewe mzazi au mwalimu unayesoma haya, diwani wako unamjua kwa jina. Muulize, kikao cha bajeti kikikaribia, fungu la vitabu vya kusoma, vya Kiswahili na vya Kiingereza, ni shilingi ngapi kwa kila shule, na akikujibu kwa neno refu mwambie ataje tarakimu.